Vaporfly ya mtumba kwa mkimbiaji wa Wete: unalipia sponji, hulipii kaboni

Waalaykum salaam mdogo wangu. Swali lako nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike: una miaka 23, uko Wete, Pemba, nusu marathon yako bora mpaka leo ni saa 1 na dakika 24, mazoezi unapiga njia ya Konde na siku nyengine unashuka mpaka Chake, na raba unayokimbilia ni ya kawaida, nzito nzito. Ulipokuja Unguja ukaona sokoni Darajani Vaporfly ya mtumba (kiatu cha mbio cha Nike chenye bamba la kaboni ndani), muuzaji anataka laki mbili na nusu na anakuapia imevaliwa mara mbili tatu tu. Unauliza ukiichukua itakushusha chini ya saa 1 na dakika 20 kule Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, kama kwa vilima vya Pemba inafaa, na kama ni kweli viatu hivi vinavunja watu miguu.

Haya. Kiatu kinasaidia, hilo usiwe na wasiwasi nalo, si porojo za wauza viatu. Lakini hiyo ya Darajani mie nakwambia iache kwanza, na zile dakika nne za kukutoa 1:24 hazimo zote humo ndani. Soma mpaka mwisho tafadhali, kwa sababu laki mbili na nusu ni pishi nyingi sana za karafuu za kuchuma na sitaki uzitupe.

Tuanze na kilichomo ndani. Watu wanakiita kiatu cha kaboni basi akili za wote zimekwenda kwenye kaboni, wanadhani lile bamba ndo linalomrusha mtu. Ukikipasua katikati utakuta bamba jembamba jeusi, gumu, limepinda sehemu ya mbele, linaanzia kisiginoni linafika chini ya vidole. Juu yake na chini yake kuna sponji nene nyepesi, na hiyo sponji ndo mali yenyewe. Inatokana na aina ya plastiki inayoitwa PEBA, wengi wanaijua kwa jina la Pebax. Raba zetu za kila siku sponji yake ni EVA. Ile Vaporfly ya mwanzo iliyotoka 2017 waliipeleka maabara, wakaibana soli kwa mashine halafu wakapima nguvu iliyoingia inarudi kiasi gani, ikarudisha karibu asilimia 87. Kiatu cha mbio cha Adidas cha wakati ule chenye sponji ya Boost kilirudisha kama 76, na cha Nike cha kizamani chenye EVA kama 66. Sasa kwa pesi yako, yaani muda unaotumia kwa kila kilomita, nusu marathon ni hatua kama elfu kumi na tano, kila hatua unaibana sponji na sponji inakurudishia, we piga hesabu mwenyewe huo mrundikano.

Bamba nalo lina kazi, sisemi halina. Linazuia kile kiungo cha chini ya kidole gumba kisijikunje sana kila unapoondoka, maana kikijikunja kinakula nguvu bila kuirudisha, halafu linaishika ile sponji laini isitawanyike ubavuni, na pamoja na mpindo wa soli linakufanya mguu uviringike kwenda mbele. Lakini kuna watafiti walichukua Vaporfly wakalikata bamba sehemu ya mbele kwa msumeno, wakawakimbiza watu na kiatu kizima na kilichokatwa, wakapima oksijeni. Tofauti haikufika hata asilimia 1! Kwa hiyo mtu akikuuzia kiatu kwa kukwambia "hichi kina kaboni", swali lako la kwanza liwe sponji yake ya nini na ina hali gani, kwa sababu siku hizi viatu vyenye bamba la kaboni viko vingi na vyengine sponji yake ni ile ile ya raba ya skuli, mtu anabeba ubao mgumu chini ya mguu bila faida yoyote.

Sasa hesabu zako. Utafiti uliofanya dunia ivutike ni wa chuo kikuu cha Colorado, Marekani, walitumia wakimbiaji 18 wazuri, na kwa wastani Vaporfly iliwapunguzia matumizi ya nishati kwa asilimia 4 ukilinganisha na viatu bora vya mbio vya wakati ule. Ndo maana Vaporfly ile ya mwanzo ikaitwa Vaporfly 4%. Watu wengi wakasikia asilimia 4 wakadhani ni asilimia 4 ya muda, sivyo. Ni nishati, yaani oksijeni unayotumia kwa kasi ile ile, na ukiigeuza kuwa muda inapungua, hasa kwa wanaokimbia kasi kubwa kwa sababu upepo unawapinga zaidi. Mtu wa pesi yako, dakika 4 kwa kilomita, mie ningemhesabia asilimia 2, akibahatika 3. Asilimia 2 ya saa 1 na dakika 24 ni dakika 1 na sekunde 40. Asilimia 3 ni dakika mbili na nusu.

Halafu uzito. Hili watu hawalizungumzi ilhali ndo rahisi kuliko yote. Kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila kiatu zinakugharimu kama asilimia 1 ya nishati, hilo limepimwa miaka mingi kabla hata ya viatu hivi. Vaporfly inacheza kwenye gramu 200, raba kama hizo ulizonielezea mara nyingi zinapita 300. Ule utafiti wa Colorado wao walisawazisha uzito wa viatu vyote, kwa hiyo wewe unayetoka kwenye raba nzito ongeza hiyo asilimia 1 juu. Tuseme basi kila kitu kimekwenda vizuri na umepata asilimia 4 kamili ya muda, unatoka 1:24 unafika kama 1:20 na sekunde 38. Bado hujaingia chini ya 1:20, na hapo nimekupa bahati yote. Na ile asilimia 1 ya uzito ungeipata kwa kiatu chochote chepesi, hata kisicho na kaboni wala Pebax.

Kwa wanaosoma hapa na wanakimbia taratibu zaidi yako, faida ipo lakini inapungua. Wamepima watu wa pesi ya dakika 5 kwa kilomita wakapata kama asilimia 1.4 ya nishati, na wa dakika 6 kwa kilomita haikufika 1. Kwa hiyo bibi au bwana anayekimbia kwa afya pale Maisara jioni, pesa yake aweke kwenye kiatu kinachomtosha mguu vizuri, hichi si chake.

Jambo jengine ambalo nataka ulishike sana ni kwamba wastani si wewe. Kuna utafiti wa 2023 walichukua wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha dunia na wakimbiaji wa kawaida wa Ulaya, wakawapa viatu vya aina hii wakawalinganisha na kiatu bapa cha kizamani. Wale Wakenya, mmoja alifaidika kwa asilimia 11 na mwengine akapata HASARA ya asilimia 11, kiatu kilimfanya atumie nguvu zaidi. Walikuwa wachache, kipimo cha siku moja nacho kina kuyumba kwake, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama msahafu, lakini ukubwa wa tofauti baina ya mtu na mtu ni kitu ninachokiona kwa macho hata kwa vijana ninaokaa nao kiwanjani. Kuna anayevaa akabadilika hapo hapo, hatua inakuwa ndefu, na kuna anayevaa ukamuona anapigana nacho, kisigino kinayumba, mabega yanapanda. Sasa wewe hujui uko upande gani mpaka ujaribu, na ndo maana kulipa laki mbili na nusu kabla ya kujaribu si sawa.

Namna ya kujaribu: tafuta mwenzako mwenye kiatu cha aina hii kinachokutosha, azima asubuhi moja. Nenda sehemu tambarare, uwanja wa Gombani unakutosha kama uko Chake. Pasha vizuri, halafu kimbia kilomita 2 kwa raba yako, pumzika, kilomita 2 kwa kiatu cha kaboni, pumzika, kaboni tena, umalizie na raba. Mpangilio huo wa raba, kaboni, kaboni, raba ni muhimu maana ukianza na kimoja moja kwa moja uchovu utakudanganya. Kimbia kwa nguvu unayohisi ni ile ile kila mara, kama pesi ya nusu marathon, na kama una saa ya kupima mapigo ya moyo basi fuata mapigo usifuate kasi. Usiitazame saa njiani, mpe mtu akuandikie muda. Kaboni ikikuwahisha sekunde 5 au 6 kwa kilomita kwa mara zote mbili, kiatu kinakukubali. Zikiwa moja mbili tu au zinakwenda mbele nyuma, pesa yako ifanye kazi nyengine.

Sasa mtumba. Hapa ndo roho ya jibu langu. Nimeshasema unacholipia ni sponji, na sponji ya PEBA pamoja na uzuri wake wote inachoka. Kuna watafiti walilinganisha viatu vipya na vilivyokimbiwa kilomita 450, vya PEBA na vya EVA. Vikiwa vipya PEBA ilikuwa mbele waziwazi, baada ya hizo kilomita 450 ile faida ikawa imeondoka, PEBA iliyochoka na EVA iliyochoka zikawa sawa. Bamba la kaboni lenyewe linabaki zima hata miaka, kwa hiyo kiatu ukikikunja bado kigumu, muuzaji anakwambia "si unaona, bado kipya," kumbe kilichokufa hakionekani kwa kukunja. Ni godoro lililolaliwa mpaka limebonyea, umelibadilishia foronya. Na watu wa Ulaya na Marekani wanaovitoa viatu hivi wanavitoa kwa sababu hiyo hiyo, wamekimbia navyo marathon zao na mazoezi ya kasi mpaka wakahisi vimekwisha.

Kama moyo umekukalia huko huko Darajani basi angalau kikague hivi. Kiweke juu ya meza tambarare, tazama kwa nyuma usawa wa macho, kisigino kikiwa kimelalia upande mmoja rudisha. Tazama ubavuni mwa sponji, zile mikunjo ndogo ndogo za mlalo, kiatu cha mara mbili tatu kinakuwa na mistari myembamba tu, kilichochoka mistari imekuwa mifereji na haifunguki hata kikiwa hakina mzigo. Bonyeza kwa kidole gumba kisiginoni halafu chini ya vidole, sponji nzima inaingia laini na inarudi na kidole chako hapo hapo, iliyokufa inaingia kidogo halafu inagoma au inarudi polepole. Linganisha kulia na kushoto. Geuza soli, mpira wa mbele ukiwa umelika mpaka sponji nyeupe imetokeza, kiatu hicho kimeshakula kilomita nyingi, maneno ya mara mbili tatu hayo mwachie mwenyewe.

Na feki zipo tele. Feki nyingi ndani zina plastiki au hazina bamba kabisa, na sponji ni EVA. Njia nzuri ninayoijua ni mizani. Nenda nacho kwa mwenye duka mwenye mizani ya dijitali, muombe akupimie kiatu kimoja. Vaporfly halisi ya saizi ya kawaida ya mwanamme, 42 au 43, inakaa karibu na gramu 200. Ukiona 260, 280, hiyo si yenyewe hata ikiwa na nembo kubwa kiasi gani. Mwenye duka atakushangaa, hakuna tabu.

Kwenye vilima. Pemba yetu si Unguja, mtu akitoka Wete kwenda Konde anapanda anashuka anapanda, na Moshi nako ile nusu marathon inapanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi. Wamepima Vaporfly kwenye kilima na kwenye mteremko, faida ya nishati ambayo tambarare ilikuwa karibu asilimia 4 ikashuka ikawa chini kidogo ya 3, kupanda na kushuka vyote viwili. Bado ni kitu, lakini zile hesabu za juu zipunguze kidogo ukiwazia Moshi. Kinachonitia wasiwasi mie zaidi ni kushuka. Soli ni nene, karibu sentimita 4 kisiginoni, laini, halafu kisigino chenyewe chembamba, ukishuka kwa kasi na kona juu yake kifundo cha mguu kinafanya kazi ya ziada kukuweka sawa, na ukikanyaga ukingo wa lami uliomeguka au jiwe unaweza kuteguka vibaya. Msimu wa karafuu unajua mwenyewe, majamvi yameanikwa pembeni mwa barabara, makonyo (vijiti vya karafuu) yametapakaa, unalazimika kupita katikati na gari inakuja, hapo si mahali pa kiatu kirefu. Ule mpira wa chini nao ni mwembamba kwa ajili ya kupunguza uzito, ukipita msitu wa Ngezi chini ya miti mvua imetoka kunyesha njia bado imelowa, utateleza. Kwa hiyo hata ukiwa nacho, mazoezi ya njia ya Konde fanya na raba.

Kuhusu joto hukuuliza lakini nalitia kwa sababu ni kubwa kuliko kiatu. Hali yetu ya unyevunyevu inakunyang'anya dakika nyingi kuliko kiatu chochote kinavyoweza kukurudishia, wewe ile 1:24 yako kama uliikimbia Unguja au Pemba jua likiwa limeshatoka, basi mahali pa baridi na asubuhi mapema una dakika kadhaa ambazo hujazitumia bado. Jasho likijaa kiatuni mguu unateleza ndani na malengelenge yanakuja, soksi ziwe nyembamba na zisiwe za pamba. Na kiatu kikilowa usikianike juu ya bati kama tunavyoanika raba, jua la saa saba juu ya bati linaachisha gundi ya soli na linaiharibu sponji. Kitie gazeti ndani, kiweke kivulini penye upepo.

Miguu kuvunjika. Mie kazi yangu ni tiba ya viungo, kwa hiyo hili ndo napambana nalo. Kuna ripoti ya madaktari ya 2023 iliyoeleza wanamichezo watano waliopata ufa kwenye mfupa mdogo unaoitwa navikula, uko juu ya upinde wa unyayo, na wote walikuwa wakitumia viatu vya kaboni. Watano ni wachache na haithibitishi kwamba kiatu ndo kilichovunja, lakini maana yake ipo. Kile kiatu hakiondoi mzigo, kinauhamisha. Vidole vinafanya kazi ndogo, kigimbi kwa wengi kinapata nafuu, lakini katikati ya mguu na nyonga vinapokea mzigo kwa namna ambayo havijazoea, halafu kwa sababu unajihisi mwepesi unakimbia haraka zaidi na mbali zaidi ya unavyoweza. Wanaokuja kwangu wakilalamika baada ya kununua viatu hivi karibu wote hadithi ni moja, amekivaa kila siku. Maumivu juu ya upinde wa unyayo, sehemu moja unayoweza kuibonyeza kwa ncha ya kidole, yanayozidi ukiruka kwa mguu mmoja, hayo usiyakimbilie juu yake hata siku moja, nenda hospitali ukapigwe picha. Na ujue ufa wa mfupa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kawaida, ukiambiwa eksirei safi na maumivu yako pale pale, pumzisha mguu na urudi tena.

Nyinyi vijana wa Pemba mna kitu kimoja kizuri, wengi mmekua mnacheza mpira pekupeku na unyayo una nguvu. Usiupoteze huo. Maji yakikupwa nenda ufukweni ukimbie taratibu bila viatu dakika 15 au 20 mara mbili kwa wiki, mchanga mgumu, na nyumbani simama kwenye kizingiti unyanyue visigino, mguu mmoja mmoja, mpaka ufike mara 25 kila upande bila kuyumba. Mguu wenye nguvu ndo unaoweza kufaidi kiatu laini.

Uhalali ni jambo fupi. World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, tangu 2020 wanaruhusu soli isiyozidi milimita 40 kwenye mbio za barabarani na bamba moja tu. Vaporfly iko ndani ya sheria. Viatu vya mazoezi vyenye soli ya milimita 50 haviko, na 2021 kule Vienna Muethiopia Derara Hurisa alimaliza wa kwanza kwenye marathon akanyang'anywa ushindi kwa ajili ya hivyo tu. Ukipewa kiatu kinene kuliko kawaida, pima kwanza.

Na usije ukadhani bila kiatu hichi hakuna mbio. Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa alishinda marathon ya New York 1989 kwa saa 2:08:01 na viatu vya wakati ule, vyembamba, bila Pebax wala kaboni, muda ambao leo bado unakimbiwa na wanaume wachache sana nchini kwetu. Upande wa pili Gabriel Geay akakimbia 2:03:00 Valencia 2022, enzi za viatu hivi, na mie siwezi kukutenganishia kiasi gani ni Geay na kiasi gani ni sponji. Tazama Alphonce Simbu Tokyo Septemba 2025, amekuwa bingwa wa dunia wa marathon kwa 2:09:48, yeye na Mjerumani Amanal Petros wamepewa muda ule ule, wametenganishwa na picha tu. Enzi hizi wote wanaopigania medali wamevaa viatu vya aina hiyo. Kilichoamua mbio zile mita za mwisho kilikuwa miguu na roho ya mtu.

Sasa pesa yako uifanye nini. Mpya Vaporfly bei yake Marekani ni kama dola 250, yaani zaidi ya laki sita, sikushauri kwa sasa. Mie ningekuwa wewe ningetafuta kiatu chenye sponji nzuri bila kaboni au chenye bamba la nailoni, kwa sababu kiatu hicho utakivaa mazoezini na kwenye mbio vilevile. Adidas wana Evo SL, ndani ina sponji ile ile ya daraja la juu wanayotia kwenye viatu vyao vya mbio, haina bamba la kaboni, bei yake ilipotoka ilikuwa dola 150. Saucony wana Endorphin Speed, sponji ya PEBA na bamba la nailoni linalokunjika kiasi. Najua dola 150 nayo ni zaidi ya laki mbili na nusu, lakini nyumba nyingi za Pemba zina ndugu Muscat au Dubai, mwambie akutazamie modeli ya mwaka uliopita wakati wa punguzo, zinashuka sana modeli mpya ikitoka, umtumie pesa kidogo kidogo. Ukishindwa kabisa, laki na ushee tafuta raba nyepesi mpya isiyozidi gramu 250 na ile inayobaki iweke nauli ya Moshi. Hapo ile faida ya uzito umeshaipata sehemu kubwa.

Dakika nyengine ziko kwenye mazoezi, na kutokana na ulivyonieleza wiki yako, nne zipo. Unakimbia siku zote kwa kasi moja ya katikati, hakuna siku ya taratibu kweli wala siku ya kasi kweli. Tia siku moja ya tempo, yaani kasi ngumu kidogo lakini ya kudumu nayo, dakika 20 mpaka 30 kwa pesi ya 3:55, siku moja ya vilima vifupi mara 8 au 10, mbio ndefu moja ya saa 1 na dakika 40 ukizidisha taratibu, na siku zilizobaki kimbia pesi ambayo unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukata pumzi. Wiki 12 za hivyo kwa umri wako, mie natarajia makubwa.

Ukija kupata kiatu cha kaboni kwa njia yoyote, mpya au cha kuazimwa kilicho kizima, kianze wiki 5 au 6 kabla ya mbio na si mapema zaidi. Mara ya kwanza kilomita 4 au 5 tambarare, taratibu. Wiki inayofuata ukivae kwenye nusu ya tempo. Baadaye tempo nzima, na mara moja kwenye mbio ndefu kilomita 10 za mwisho, na kimojawapo cha vipande hivyo kiwe na mteremko ili kifundo kijue. Jumla usizidishe mara moja kwa wiki, siku nyengine zote raba. Wiki ya mbio kivae mara moja tu, kilomita 3, uhakikishe kamba na soksi, halafu kiweke.

Siku ya safari viatu vya mbio visiingie kwenye mizigo ya chini ya boti, vikae kwenye mkoba wako wa mkononi. Na kabla ya yote hayo nipimie ile raba yako ya sasa, gramu ngapi, na uniandikie muda wa zile kilomita 2 mara nne ukishapata wa kukuazima, ntakupigia hesabu upya kwa namba zako mwenyewe inshallah.